Kinune, Usinune

Kofi la asubuhi ile lilitokana na shati. Koleo alikuwa bafuni, maji yanamwagika kwenye ndoo, akasema kitu kupitia mlango. Mkewe alisikia "...pige pasi lile la bluu," akachomeka pasi. Shati la bluu lilikuwa la nailoni. Pasi ilipogusa mgongo, kitambaa kilijikunja, kikanuka, kikang'ang'ania chuma, na alipolinyanyua shati mwanga wa dirisha ukapita katikati yake bila hodi.

"Nilisema usipige pasi," Koleo alisema. Alikuwa amesimama mlangoni na taulo, maji yanamchuruzika kwenye viwiko.

"Nilisikia upige."

"Ulisikia ulichotaka kusikia."

Kofi la kwanza lilikuwa la mkono wenye maji, kelele nyingi kuliko maumivu. La pili lilikuja na vyote viwili. Mwanamke alijigonga kwenye kabati, sahani zikacheza ndani. Binti yao wa miaka sita, waliyemwita Njugu kwa ajili ya umbo la kichwa chake, aliacha chai yake, akaenda kusimama nyuma ya pazia la mlango, miguu yote miwili nje, akiamini hakuna anayemwona.

Koleo hakuwa mtu wa kupiga kila siku. Alipiga mara mbili tatu kwa mwaka, na katikati ya hapo alijihesabu kuwa mtu mwenye subira. Kasoro yake nyingine, hiyo ya kila siku, ni kwamba alianza kuongea kabla hujafika. Nusu ya kwanza ya sentensi aliisema peke yake, nusu ya pili ndiyo ilikuwa yako.

Alivaa shati la kijani. Waliondoka nyumbani wakiwa hatua ishirini mbali mbali, yeye mbele, mkewe nyuma na shavu linapanda taratibu kama unga uliotiwa hamira.

*

Walifanya kazi kiwanda kimoja. Kilitengeneza koki za maji, na shaba yake kiliiyeyusha kwa jua. Katikati ya uwanja palikuwa na kioo kikubwa kama ukuta wa chumba, chembamba kiasi kwamba ukikigusa kinatetemeka. Mgongoni mwake kulikuwa na mota ndogo arobaini na nane, kila moja na fimbo yake, na kila fimbo imegandishwa kwenye kioo kwa kipande cha mpira. Fimbo hizo waliziita vidole. Vidole vikivuta katikati na kusukuma pembeni, kioo kinabonyea, kinalikusanya jua lote la uwanja na kulitia kwenye doa moja la ukubwa wa kisahani, na doa hilo linaingia mdomoni mwa tanuri. Hapo wanasema kioo kimenuna. Vidole vikilegea, kioo kinajitandaza, jua linatawanyika ovyo, haliunguzi hata jani. Hapo kimecheka.

Kazi ya kukinunisha na kukichekesha ilikuwa ya mke wa Koleo. Alikaa nyuma ya kioo kwenye kibanda cha mabati, mbele yake taa arobaini na nane na vitufe viwili vikubwa, cha bluu cha kununa na cha njano cha kucheka. Upepo ukivuma, kioo kinapinda. Joto likizidi, kinavimba pembeni. Basi siku nzima alikuwa anakirekebisha kidole kimoja kimoja, unywele kwa unywele, kama mtu anayemnyoosha mtoto kola ya sare. Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lingine zaidi ya Mama Vidole.

Koleo alikuwa upande wa pili, kwenye tanuri, na koleo refu lililompa jina. Mke hakumwona mume. Katikati yao kulikuwa na kioo. Zamani kulikuwa na kamera juu ya tanuri, lakini iliyeyuka mwezi wa tatu. Msimamizi alisema nyingine iko njiani, na kwa muda ambao ilikuwa njiani ingeshaizunguka dunia kwa miguu.

Kwa hiyo walibaki na redio za mkononi. Na redio zile zilikuwa na ulafi wake. Ukibonyeza, lazima uhesabu moja kimoyomoyo ndipo useme, la sivyo inakula mwanzo wa neno. Wafanyakazi wote walihesabu. Koleo hakuhesabu. Akitaka doa, alitakiwa kusema "Kinune." Mkewe alipata "...nune, bosi." Akitaka jua liachiwe, "Kicheke," mkewe akapata "...cheke, bosi." Hilo la bosi lilikuwa utani wake wa kazini. Miaka mitatu mke alikuwa anamjazia mume mianzo ya maneno, na hawakuwahi kukosea, kwa sababu redioni palikuwa na maneno mawili tu.

Na palikuwa na ufunguo. Mtu akitaka kuingiza mikono kwenye mdomo wa tanuri, sharti azunguke kioo, aende kibandani, auchomoe ufunguo wa mitambo na kuutia mfukoni mwake. Bila ufunguo vidole havisogei. Ndiyo sheria iliyoandikwa ukutani kwa rangi nyekundu.

Saa nne asubuhi shaba ya kwanza ilikuwa imeshamwagwa. Kioo kilikuwa kinacheka. Mdomo wa tanuri ulikuwa umeota gamba la takataka, na kazi ya kulibandua ilikuwa ya Koleo. Alitazama upande wa kibanda. Kwenda kule ni kwenda kusimama mbele ya lile shavu, tena mchana kweupe, na vijana wa koki wanatazama.

"Bosi wako leo kaja na mzigo usoni," mmoja wao alisema.

"Mlango," Koleo alisema.

"Mlango una vidole vitano?"

Walicheka. Koleo naye alicheka, kwa sababu asingecheka wangeendelea. Akavaa miwani nyeusi na glovu, akainama, akaingiza mikono yote miwili na uso nusu kwenye mdomo wa tanuri, akaanza kukwangua. Ufunguo ulibaki kibandani.

"Mpigie umbembeleze," kijana akasema. "Ukirudi nyumbani leo utakula picha ya chakula."

Koleo, mkono mmoja ndani, akachomoa redio kiunoni. Akabonyeza na kusema papo hapo, huku anacheka:

"Usinune, bosi." Akairudisha redio kiunoni, na mkono ndani.

Kibandani, Mama Vidole alisikia "...nune, bosi." Nyuma ya sauti kulikuwa na vicheko. Aliutazama ufunguo. Ulikuwa palepale kwenye tundu lake, na kamba yake nyekundu inaning'inia. Kidole chake kikabonyeza kitufe cha bluu.

Kioo kilihitaji sekunde nne kununa.

Ukelele haukupita redioni. Ulipita pembeni mwa kioo, mkavu, na mwanzo wake haukumezwa na kitu. Alibonyeza cha njano. Kioo kikataka sekunde nne nyingine za kucheka, kwa sababu kioo hakijui haraka ya mtu, na sekunde hizo nne alizihesabu zote.

Alipozunguka alimkuta Koleo chini, mikono ya shati la kijani inawaka, kidevu kinawaka. Alichukua gunia, akampiga nalo. Gunia likashika moto, akalitupa, akampiga kwa viganja. Alimpiga kifuani, mikononi, kidevuni, akitukana, analia. Vijana waliokuja mbio waliona mwanamke anamtandika mtu aliyeungua, wakamkamata mabega. Pigo la tatu la viganja lilikuwa limeshauzima moto. Yeye mwenyewe aliona. Akapiga la nne.

*

Siku ya pili mchana, mlango wa nyumba yao ulifunguliwa kwa teke, ingawa haukuwa umefungwa. Aliyeingia alikuwa mdogo wake Koleo. Walimwita Breki, kwa sababu hana. Nyuma yake aliingia mama mkwe, mwanamke mfupi, amejifunga khanga kiunoni kama mtu aliyekuja kubeba kitu.

"Shemeji," Breki alisema, "msimamizi kanieleza. Mligombana asubuhi. Kiwanda kizima kiliona shavu. Saa nne ukamkaanga."

"Msimamizi amekueleza kamera iko wapi?"

"Sikuja kuuliza kamera."

"Vijana walimsikia, alisema usinune. Redio ikala. Mimi nikapata nune. Ni 'si' moja tu, shemeji, na inakaa mwanzoni, palepale redio inapokula."

"Kaka yangu amebanduka ngozi hadi kwenye viwiko," Breki alisema polepole, "na wewe unanifundisha sarufi."

Ngumi ilimpata juu ya sikio. Aliona rangi. Alipoanguka, Breki alimshika nywele na kumwinua, akamsukumia kwenye kioo cha ukutani walichokitumia kuchana nywele, na kioo kikapasuka kuanzia kona hadi kona. Alitaka kujizuia kwa mikono lakini viganja vyake vilikuwa vimefungwa bandeji, vimevimba kama mito midogo. Alimng'ata Breki mkono. Alimng'ata kweli, hadi meno yakakutana na kitu kigumu, na Breki akamgonga paji la uso kwa kiwiko ili aachie.

"Basi," mama mkwe alisema. Hakuinua sauti. "Usimmalize. Bado hatujasikia mwenyewe anasema nini."

Breki alijifunga mkono kwa kitambaa cha meza. Alikuwa anahema. Macho yake yalizunguka chumba, yakatua kwenye pasi iliyokuwa bado juu ya kabati, na kipande cha nailoni ya bluu kimegandia chini yake.

"Midomo yake wameifunga," alisema. "Daktari anasema siku ya kumi wanafungua, ataongea. Sasa nakuapia mbele ya mama. Atakalosema kaka, hilo ndilo nitakalofanya. Akisema ni bahati mbaya, nitakupigia magoti mbele ya wodi nzima. Akisema vingine," aliichukua pasi na kuizungusha waya wake, "hii utaivaa usoni. Ikiwa ya moto. Kisha polisi watapata kitakachobaki."

"Na mtoto?"

"Mtoto anaenda na bibi yake. Mwenye kesi halei."

Njugu alikuwa nyuma ya pazia, miguu nje. Mama mkwe alilifungua pazia bila kutafuta, akamshika mkono. Mtoto hakulia. Aliuliza kama achukue kiatu kimoja au viwili.

Mwanamke alibaki na kioo kilichopasuka. Kila akipita, alijiona vipande viwili, na hakikuwapo kitufe cha kuviunganisha.

Siku nane zilizofuata hakwenda kazini. Msimamizi alimwambia apumzike, na jinsi alivyosema, lilikuwa neno la kufukuzia mtu. Akiwa peke yake alirudia jambo moja. Sio ufunguo, ufunguo ulikuwa kwenye tundu, na kila fundi angebonyeza. Alirudia vile vicheko. Miaka mitatu Koleo hajawahi kutoa amri huku anacheka. Shaba inayeyuka, nani ana nafasi ya kucheka? Aliyajua hayo kabla kidole hakijashuka, au aliyajua baadaye? Aliuweka mkono juu ya meza, akajaribu kubonyeza mbao, mara ishirini, mara hamsini, akitaka kukumbuka. Mbao haikusema kitu.

*

Siku ya kumi, saa za kutazama wagonjwa, walikutana mlangoni mwa wodi. Watoto walikuwa hawaruhusiwi, hivyo mama mkwe alibaki kwenye benchi la nje na Njugu. Mtoto alimpungia mama yake kwa vidole viwili tu, vingine vimeshikwa na bibi.

Breki alikuwa na mfuko wa plastiki, mzito kwa chini.

"Hiyo ni nini?" nesi aliuliza.

"Pasi."

"Humu hakuna wa kunyooshwa."

"Tutaona," Breki alisema, na kumpita.

Koleo alikuwa kitanda cha mwisho, mikono yote miwili imefungwa na kuning'inizwa kama ya mtu anayejisalimisha. Miwani ilikuwa imemwokolea macho. Bandeji ya mdomo ilikuwa imetolewa asubuhi, na midomo ilikuwa magamba meusi, imeshikana pembeni. Alimwona mkewe. Macho yake yalikwenda kwenye paji lake, kwenye sikio lenye kovu jipya, kwenye viganja, yakabaki kwenye viganja.

"Umekuja kumtazama au kummalizia?" aliuliza mzee wa kitanda cha jirani, aliyeungua kwa maji ya moto na alikuwa hana mtu wa kuongea naye tangu Jumatatu.

"Nyamaza, mzee," Breki alisema. Alisogea kichwani kwa kaka yake, akachomoa pasi kwenye mfuko. Nailoni ya bluu bado ilikuwa imegandia chini. Alitafuta kwa macho soketi ya ukutani. Ilikuwepo, nyuma ya kitanda, lakini ilikuwa inatumika kwa mashine ya mtu.

"Kaka. Nimeapa kwa mama. Nafanya utakalosema, sipunguzi wala siongezi. Huyu mwanamke tumfanyeje?"

Koleo alivuta pumzi. Midomo iliyoshikana haikufunguka kwa wakati. Hewa ilipita mwanzoni bila sauti, kifua kikapanda, na kilichotoka ni mwisho tu.

"...mpige."

Wodi nzima ilisikia. Mzee wa kitanda cha jirani alisema "lo," kwa huzuni ya mtu ambaye timu yake imefungwa.

Mwanamke naye alisikia. Kwa mazoea ya miaka mitatu, kichwa chake kilianza kutafuta mwanzo wa neno. Kisha kikasimama. Alichoka kumjazia. Kwa sekunde moja alisimama katikati ya wodi akiwa hajui mumewe amesema apigwe au asipigwe, na hiyo sekunde ndiyo Breki aliitumia.

Pasi haikuwa ya moto, lakini ilikuwa ya chuma. Ilimpata mdomoni. Alisikia jino likisema kitu ndani ya kichwa, akaanguka kati ya vitanda viwili, beseni likamfuata. Breki aliinama na kumpiga tena, begani, kisha mgongoni, akihema kwa kila pigo kama mtu anayepasua kuni. Nesi alikimbia kuita walinzi. Mwanamke alitambaa chini ya kitanda cha mzee, akatokea upande wa pili na damu kifuani. Mbele yake palikuwa na stendi ya dripu.

"Chukua," mzee alisema. "Yangu imeshaisha."

Aliichukua kwa viganja vilivyofungwa. Pigo la kwanza lilimpata Breki kifundo cha mkono, na mfupa ukatoa mlio mdogo, mkavu, pasi ikaanguka. La pili lilikuwa la goti. Breki alikaa chini bila kutaka. La tatu lilimshukia kwenye bega, akajifunika kichwa kwa mkono uliobaki, mtu mzima, na akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji."

La nne alikuwa ameshalinyanyua. Alilishikilia juu. Magurudumu ya stendi yalizunguka yenyewe hewani. Kisha akaiteremsha, akaiegemeza palepale ilipokuwa, mbele ya mzee.

Akamgeukia mumewe. Mdomo wake ulikuwa umejaa damu, akatema kwenye beseni kwanza.

"Bonyeza," alimwambia.

Koleo alimtazama.

"Bonyeza. Hesabu moja. Halafu sema."

Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kinachungulia kwenye bandeji. Koleo alikisogeza polepole, kikagusa chuma kilichomning'inizia mkono, kikakandamiza. Macho aliyafumba. Ilionekana kabisa kwamba anahesabu. Gamba lilipasuka kwenye pembe ya mdomo, uzi wa damu ukashuka kidevuni.

"Msimpige," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza mkewe kusikia neno lake tangu linapoanzia.

"Sasa anabadilisha," Breki alisema kutoka sakafuni.

"Habadilishi," mzee akasema. "Ni wewe huna subira."

Walinzi wawili waliingia. Walimkuta mwanaume amevunjika mkono na mwanamke amesimama na mdomo umepasuka, wakaulizana kwa macho wamshike yupi. Nesi aliwaonyesha. Walimwinua Breki, na kwa kuwa alikuwa ameumia, hawakuwa na mbali pa kumpeleka. Walimpeleka mlango wa tatu, chumba cha mifupa.

*

Mwanamke aliketi ukingoni mwa kitanda. Nesi alimpa pamba, akaiuma.

"Nilisikia unacheka," alisema, kwa pamba. "Redioni. Ulikuwa unacheka."

Macho ya Koleo yalirudi kwenye viganja vya mkewe.

"Hujawahi kutoa amri huku unacheka. Nilikuwa nalijua hilo. Ufunguo ulikuwa kwenye tundu, sawa. Lakini nilikuwa nalijua. Sijui kama ni mimi au ni kidole. Nimejaribu kwenye meza siku nane, sijui." Alitoa pamba, akaigeuza upande mkavu. "Na moto ulizimika pigo la tatu. Nilikupiga la nne."

Kidole gumba kilikandamiza chuma. Moja.

"Nililihesabu," Koleo alisema.

Mzee wa jirani alijigeuza akaangalia ukuta, jambo ambalo kwa mtu aliyeungua mgongo halikuwa dogo.

Kidole kikakandamiza tena. "Ufunguo sikuja kuchukua. Niliona haya ya shavu."

"Uliona haya mbele ya vijana. Mimi hukunionea haya."

Koleo aliangalia dari. Hakukandamiza kitu.

"Iandikwe hivyo," mwanamke alisema. "Msimamizi akija na karatasi yake, sema ufunguo, sema kamera, sema na shavu. Yote, kuanzia mwanzo. Mimi nitasema vicheko."

"Watakufunga."

"Labda."

"Utarudi nyumbani?"

Aliinama, akaiokota pasi. Ncha ilikuwa imepinda. Aliibandua ile nailoni ya bluu kwa kucha, ikatoka kipande kimoja, akaiweka juu ya shuka, karibu na kile kidole.

"Nyumbani ni kwangu mimi na Njugu," alisema. "Wewe ukipona, utakuja mlangoni, utabisha, utahesabu moja. Nitasikia kwanza unasema nini."

Alitoka na pasi mkononi, kwa sababu ilikuwa pasi nzuri na imepinda ncha tu.

Nje, mama mkwe alisimama alipomwona. Walikuwa wameshamwona Breki akipita amebebwa. Mkono wa mtoto ulikuwa umekamatwa sana, vidole vimebadilika rangi.

"Mwanangu amesemaje?" aliuliza.

Angeweza kujibu haraka. Alisimama mbele ya benchi, akahesabu moja.

"Amesema msimpige."

Mama mkwe aliangalia mdomo wake, akaiangalia pasi, akaangalia mlango wa tatu ambako mwanawe mwingine alikuwa ameanza kupiga kelele za kunyooshwa mfupa. Alikunja midomo kama anayetaka kubisha. Halafu vidole vyake vikalegea, kimoja kimoja, na mkono wa mtoto ukatoka.

Njugu alimwendea mama yake, akasimama karibu, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kichwa upande.

"Mama," alisema, "mbona umenuna?"

"Sijanuna, mwanangu," alisema. "Nimevimba."